Oili Juu ya Leso za Wakwe

Aibu yangu naikubali, lakini naikubali jinsi ilivyotokea, si jinsi inavyosimuliwa sasa pale sokoni Kitale. Ni kweli kwamba nilifua leso za wanawake mbele ya watu waliokusanyika kunipokea kwa heshima, tena nikiwa nimevaa suti. Si kweli kwamba gari lilishika moto, wala si kweli kwamba nililia (macho yaliingia sabuni). Mtu aliyekuwa afisa wa usafirishaji serikalini hadi akastaafu bila doa hawezi kuwaachia wauza viazi kazi ya kutunza habari zake.

Yote yalianza na kifaa kisichozidi ukubwa wa mkate. Gari langu lina kipoza-oili, kidude kinachokaa karibu na filta na kutumia maji ya rejeta kuipunguzia oili joto, na kile lilichotoka nacho kiwandani kilikuwa kimetoboka ndani kwa ndani, oili ikaingia kwenye maji hadi rejeta ikajaa kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Hayo yalitokea wakati ambapo nilikuwa karibu kuwaongoza wazee wetu kwenda Bungoma kumposea mwanangu Muchiri binti aitwaye Nekesa, na Mzee Wafula, baba mdogo wa binti na msemaji wa upande wao, alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba anasikia sisi watu wa Kitale tunaringa, na kwamba tukionyesha dharau yoyote siku hiyo, mazungumzo yatafungwa na kila mtu arudi kwao.

"Baba, tafadhali," Muchiri aliniambia, "siku hiyo moja tu usibishane na mtu."

Nilimjibu kwamba sijawahi kubishana na mtu maishani. Mimi husahihisha.

Fundi wangu, kijana wa maneno mengi anayejiita Injinia, alisema kipoza cha kiwandani kingechelewa kufika, akanishauri tuweke mtindo mwingine: kirejeta kidogo cha oili mbele ya gari, kipigwe na upepo, kiunganishwe na injini kwa mipira miwili. "Mzee, hii ni kama ya magari ya mashindano. Utapanda mlima ukiimba." Nikakubali. Ila alipotaka kukifunga nyuma ya grili na kukisogeza kando kibao cha nambari ili upepo upite, nikakataa katakata, kwa sababu nambari ya gari hukaa katikati inaposomeka, na mimi niliwahi kuyazuia magari ya serikali langoni kwa makosa madogo kuliko hayo.

"Sasa tuweke wapi, Mzee?"

"Chini ya bampa."

"Si itaning'inia, bana! Ukipata tuta?"

"Matuta mimi huyapita polepole."

"Haya. Gari ni yako."

Na ieleweke kwamba kipoza kile kilifanya kazi. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, kote huko sindano ya joto haikutikisika, nami kila tuta nililivuka kwa upole wa mtu aliyebeba mayai, hadi ndugu yangu Njoroge, aliyeketi kando yangu, akauliza kama tunakwenda posa au matanga.

Tulipofika kwenye lango la wakwe, mashangazi wa Nekesa walikuwa wametandika leso mpya chini, moja baada ya nyingine, kutoka langoni hadi kwenye hema, na kiongozi wao, Shangazi Nanjala, alikuwa akitupungia mikono yote miwili. "Karibuni! Kujeni! Kujeni tu!"

"Nafikiri hapa tunashuka," Njoroge akasema.

"Nikanyage nguo za akina mama kwa viatu? Mimi?" (Nilidhani, na bado naona kulikuwa na mantiki fulani, kwamba kiatu cha mgeni juu ya nguo ya mwanamke ni utovu wa adabu, lakini gurudumu si mtu, tena magurudumu yangu yalikuwa yameoshwa asubuhi ile, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu viatu vya Njoroge.) Nikatia gia, nikaingia.

Chini ya leso ya kwanza kulikuwa na tuta walilolijenga kuzuia maji ya mvua. Nikasikia mkwaruzo, lakini vigelegele vilikuwa vingi, nikadhani ni ngoma. Mashangazi waliruka pembeni, wakatazamana, kisha wakaendelea kuimba nyuma ya gari, maana (nilielezwa jambo hili baadaye) walifikiri labda ndiyo desturi ya kwetu, wakaona si vizuri kumwaibisha mgeni. Lakini injini ina pampu, na pampu haijui posa. Iliitapika oili yote kupitia kile kirejeta kilichopasuka, leso baada ya leso, hadi Shangazi Nanjala, aliyekuwa akicheza mbele ya wenzake, akateleza na kuketi chini katikati ya wimbo, na wa pili akaja juu yake.

"Mafuta! Anamwaga mafuta kwa leso!"

Nikazima gari. Nyuma yangu palikuwa na mstari mweusi ulionyooka vizuri sana. Kwa mazoea ya kazi, nikaingia chini ya gari kukagua, na mama yake Nekesa, ambaye kwa heshima ya ukwe alikuwa amejitenga jikoni, akachungulia, akaona miguu yangu tu, akapiga yowe, "Mkwe amekanyagwa!" Hapo hata waliokuwa hawajaniona wakaja kuniona.

Nilipotoka, Mzee Wafula alikuwa amesimama juu yangu na fimbo yake. "Mkwe, kwetu anayekuja kuomba msichana hushuka kwa gate. Wewe umepitisha gari juu ya nguo za dada zangu. Hii ni kuomba ama ni kuteka?"

Nilifungua kinywa nimweleze kuhusu kibao cha nambari. Ndipo nikamwona Muchiri ameshika mlingoti wa hema kama mtu aliye kwenye mafuriko, ananitazama. Nikakifunga.

"Kaka, usimfukuze," akasema Shangazi Nanjala, gauni lake likiwa jeusi nyuma. "Aoshe kwanza."

"Aoshe nini?"

"Leso. Zote. Na asitume mtu."

Hoja za kupinga nilikuwa nazo, tena nzito. Nikaomba karai.

Nilifua kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni ya mche, nikiwa nimechuchumaa penye bomba, huku mashangazi wamenizunguka kwa viti. "Sugua hapo pembeni, baba! Ama kwenu hufuliwa na mama?" "Suuza tena, hii bado inanuka gereji!" Mzee Wafula alinipa mgongo, nami nikaona mabega yake yanatikisika. Hatimaye akajifuta macho na kumwita Njoroge. "Leteni maneno yenu. Huyu anayefua tumeshamwona. Haringi."

Nekesa tulipewa. Leso hazikutakata, na gari lilitolewa uani kwa trekta ya jirani, wimbo ukiwa ni uleule. Injinia anasema atalitengeneza; atengeneze. Mimi nimeapa kwamba gari langu, liwe na kipoza cha kiwandani, cha mashindano au cha mbinguni, halitaingia tena katika boma la wakwe. Anayekwenda kuomba mke ni mwombaji, na mwombaji hushuka langoni.