Nyama Iliyopauka ya Fundi Gesi

Mtaani binti huyo walimwita Fundi Gesi, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko mshahara. Kazi yake kwenye ghala la nyama ilikuwa kupanga mapande ndani ya tangi la chuma, kukaza kifuniko, kisha kufungulia gesi, ileile inayotoa povu kwenye soda, mpaka mshale wa geji ya presha ufike panapotakiwa. Nyama ikitoka humo haichachi upesi. Ila rangi, jamani! Wekundu wote unakimbia.

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia, maana baba yake alikuwa muuza nyama tangu ujana, na bucha lake lilisifika kwa nyama inayong'aa. Binti alitamani kitu kimoja tu: nyama aliyoitengeneza yeye itundikwe kwenye ndoano ya baba. Mzee hakutaka hata kusikia.

"Hicho ni kibudu," alisema. "Unataka wateja wanikimbie?"

Jumapili moja binti akapiga moyo konde. Akaja nyumbani na mapande mawili ya ng'ombe mmoja, yote yamekaa kwenye baridi muda uleule. Moja lilitoka kwenye tangi lake. La pili lilifungwa kwenye mfuko uliojazwa oksijeni, na lilikuwa jekundu hilo, utadhani limechinjwa asubuhi.

"Chagua, baba."

"Mtoto huyu ananichezea," mzee akamwambia mkewe, akinyakua jekundu. "Nyama ndiyo hii!"

Mama akayakaanga kila moja peke yake, kwa chumvi tu. Mzee akatafuna lake kwa mbwembwe. Mara taya zikapunguza mwendo. Akatazama dari. Akameza kwa shida, maana kutema mbele ya binti asingeweza.

"Mafuta yamechacha," alikiri kwa sauti ndogo.

"Oksijeni hiyo, baba. Inaipamba nyama huku inayaharibu mafuta."

Mzee akavuta sahani ya pili, akaonja, akaonja tena, mpaka mama akauliza kama yeye mwenyewe atakula kikaango kitupu. Binti alicheka, lakini alijua kazi haijaisha. Kula ni kula. Kuuza mbele ya watu ni jambo jingine.

Keshokutwa yake akapita buchani akitoka kazini. Kumbe mzee alikuwa ameifuata nyama ya bintiye ghalani mwenyewe, kimyakimya. Pande lililopauka lilining'inia mbele kabisa, na mteja alikuwa amelikunjia uso.

"Mzee, mbona hii haina rangi?"

Binti akaganda mlangoni.

"Ameitengeneza binti yangu," mzee akasema, akinoa kisu. "Kama huiamini, hata mimi usiniamini."