Nilivyopima Mafuta kwa Sikio

Mzee ninayemtunza huku ughaibuni, mtaa wa Edgbaston, hupasha nyumba yake joto kwa mafuta, na tangi liko bustanini. Aliponituma nikaangalie yamebaki kiasi gani, sikuuliza jinsi ya kupima. Mimi na matangi tumekua pamoja. Kwetu Nakuru, tangi la maji tunaligonga kutoka chini kwenda juu, na sauti ikibadilika unajua maji yameishia hapo. Nikagonga, nikatega sikio, nikalizunguka. Sauti ileile kila mahali. Basi limejaa mpaka juu, nikamwambia.

Siku ya tatu nyumba ikawa friji. Fundi alifunua kifuniko akanionyesha kipimo: sufuri.

“Tangi hili lina kuta mbili,” akasema. “Uligonga wa nje.”

Mzee alikuwa amejifunika mablanketi mawili.

“Jirani alikuona,” akaniambia. “Anauliza kama aliyemo humo alikufungulia.”