Shemeji Alivyoanza Yeye

Mke wangu ni Mkuria wa Kegonga, mimi ni Mjaluo wa Rusinga, na lugha ya nyumba yetu ni Kiswahili. Watoto walikua wakitucheka, maana kila mmoja wetu anakiharibu kwa njia yake. Lakini nilipovuka miaka hamsini lilinipata jambo ambalo sikuweza kumwambia kwa lugha yoyote. Kitandani, mwili wangu uliacha kuitikia.

Nilisingizia uchovu. Mimi ni fundi wa injini za boti na kazi hazikosi, kwa hiyo ikawa rahisi kukawia karakanani mpaka yeye alale. Mchuuzi mmoja sokoni aliniuzia unga wa mizizi. Niliunywa kwenye uji, moyo ukanienda mbio hata nikashika ukuta, na huko kwingine kukabaki kimya kama zamani. Nikautupa.

Desemba tukaenda kwa wakwe. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mkulima mwenye kicheko kinachosikika hadi boma la jirani. Alinichukua kuona mahindi yake. Njiani nilimaliza maji yote tuliyobeba, kisha nikawa kila mara naomba ruhusa kwenda kichakani.

"Shemeji, unakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani," akasema.

"Jua la kwenu kali."

"Wewe wa ziwani unalalamikia jua?" Alivunja hindi, akalimenya polepole bila kuniangalia. "Kuna swali ningekuuliza, lakini yule ni dada yangu. Siwezi. Basi nikueleze yangu."

Akanieleza. Naye mwili ulimgomea. Aliamini amerogwa, akachinja mbuzi kwa mganga, tena akachinja mwingine. "Mbuzi wakaisha, shida ikabaki," akasema. "Mke wangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Wakakuta ni sukari. Nilikuwa nakunywa maji hivyo hivyo, nakojoa hivyo hivyo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini katikati ya mabua. Yeye naye akakaa. Nilipopata pumzi nikamwambia, "Shemeji, mimi na wewe ni kitu kimoja." Akanipiga bega, akanipa hindi, na hatukurudia tena maneno hayo.

Jioni nilimwita mke wangu nyuma ya nyumba, nikamweleza yote.

"Kumbe ni ugonjwa?"

"Huenda."

"Mimi nilijua una mwanamke kisiwani Remba, kwa vile hawaishi kukuita huko kutengeneza injini. Huyo mwanamke nimempiga kichwani mwangu tangu mvua za masika." Akajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Maskini, kumbe hata hayupo."

Tulipotoka Kegonga tulipitia hospitali mjini Migori. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yetu, nikatamani ardhi inimeze.

"Mzee, nitauliza mambo ya ndani. Mama abaki ama atoke?"

"Abaki," nikasema, na nilifanya vizuri, kwa sababu majibu mengi alitoa yeye. Kama mwili huamka wenyewe alfajiri. Kama nina mawazo. Kama ninavuta sigara. Nimekunywa dawa gani. Niliposema unga wa sokoni, daktari alitikisa kichwa. Hakuna ajuaye kilichochanganywa humo, akasema, na kwa mtu mwenye presha au moyo mbovu unaweza kuua.

Wakanitoboa kidole, wakanifunga mkono kupima. Sukari ilikuwa juu, presha pia.

"Mishipa ikichoka, damu haifiki vizuri," akaeleza. "Huko chini ndiko kunakoanza kulalamika mapema. Shukuru kumelalamika, maana moyo ungefuata. Tushushe hivi viwili kwanza. Vidonge vya ile shida nyingine vipo, lakini nitakupa mimi, nikishaukagua moyo. Usinunue vya barabarani."

Mke wangu aliichukua kazi hiyo kama harusi. Ugali ukapungua, mboga zikaongezeka, soda ikahama nyumbani kwetu. Jioni tulitembea pamoja kando ya ziwa, na majirani wakaanza kusema wazee hawa wanachumbiana. Tuliongea njiani kuliko tulivyoongea miaka mingi. Sukari ikashuka taratibu. Daktari akaukagua moyo, akanipa vidonge.

Jumapili moja tulichelewa sana kanisani. Mke wangu aliimba kwa sauti hata mwalimu wa kwaya akageuka kumtazama.

Nami nilimwiga shemeji. Wavuvi wawili walikuwa karakanani wakisubiri injini, mazungumzo yakafika kwenye unga wa mizizi, na mimi nikaanza na yangu. Hawakucheka. Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja Homa Bay kupimwa. Mmoja alikutwa na presha. Mwingine hakuwa na ugonjwa wowote mwilini; tangu azike kaka yake hajapata usingizi, na daktari wa huko akamkutanisha na mshauri wa kuzungumza naye. Alikaa huko ndani muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu, na alitaka kujua ni wapi mjini hapa tungepata samaki mzuri wa kula.