Maji Yenye Harufu ya Sabuni

Mtaa mzima ulimwita Mama Magodoro, hata wale ambao hawakuwahi kununua godoro lake. Alishona magodoro ya pamba, yale mazito ya kizamani, na mikono yake ilijua kujaza kona mpaka godoro likakaa wima lenyewe. Kazi aliifanyia katika chumba cha chini cha nyumba aliyoiacha baba yake. Humo ndimo alimolala yeye na mama yake mzazi, na humo ndimo shida ilimoingia, polepole, bila kubisha hodi.

Nyumba ilisimama kwenye mteremko. Mbele, chumba cha chini kilikuwa na mlango wake unaofunguka barabarani. Nyuma, ukuta ulikuwa umezama ardhini karibu wote, ukabakiza kidirisha kimoja chembamba chini ya dari, kinachochungulia ua. Ua ule ulikuwa wa dada yake. Baba alipofariki ukoo uliketi, dada mkubwa akapewa ghorofa ya juu pamoja na ua, mdogo akapewa chumba cha chini. Mama akaulizwa atakaa na nani. Miguu yake ilikuwa imeshagombana na ngazi, akasema atakaa chini.

Dada mkubwa hakulipenda hata kidogo. Alisema mbele ya wote kwamba kule chini kunafaa kuwekwa makaa, si mzazi. Mdogo akapanda mori. Akasema mama hatakosa kitu, na siku yeye akionekana amepanda juu kuomba hata kijiti cha kiberiti, wamcheke wote. Wajomba wakaangalia viatu vyao. Maneno kama yale ni matamu kuyatamka. Tabu ni kwamba ukishayatamka mbele ya wajomba inabidi uishi nayo, na Mama Magodoro aliishi nayo kama mtu aliyevaa kiatu kinachobana na anaona haya kukivua.

Toka hapo wakikutana barabarani walisalimiana kwa kidevu. Asubuhi mama alipotolewa nje kuota jua, dada alishuka akakaa naye mlangoni, akamchana nywele, akamchekesha. Kizingiti hakukivuka. Mdogo naye alijitia hamnazo, akapiga cherehani yake ndani kwa kelele kuliko ilivyohitajika.

Ukuta wa nyuma ulianza kwa kutoka jasho. Mama Magodoro alipangusa kwa kitambaa, ukatoka tena. Baadaye ikatokea chumvi nyeupe, kisha ukungu mweusi kwenye pembe, na pamba aliyoiweka upande ule ikaanza kushikana madonge. Alinunua rangi ya mafuta akapaka mwenyewe, mikono miwili, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Rangi ikavimba malengelenge. Ukilitumbua moja, maji yanachirizika mpaka sakafuni.

Mama alianza kukohoa wakati huo. Kikohozi kidogo, cha adabu, cha mtu anayeziba mdomo kwa upindo wa kanga ili asisumbue.

Ndipo akamwita fundi. Alikuwa mwashi mnene, mtu wa mizaha, aliyeingia akisema chumba hiki kinataka samaki tu kikamilike. Lakini alipofika ukutani aliacha mzaha. Aliukwaruza ukuta kwa ncha ya mwiko, akashika maji kwenye vidole, akavinusa. Akanusa tena.

"Mama, haya si maji ya mvua," alisema. "Yananuka sabuni."

Mama Magodoro aliinama kuokota donge la pamba. Pua yake ilikuwa imeshamwambia zamani. Dada yake alikuwa dobi. Alifulia watu nguo pale uani, juu ya sakafu ya saruji iliyoegemea ukuta uleule, na kila beseni alilomaliza alilimwaga palepale. Sakafu ilikuwa na ufa, udongo ukanywa, ukuta ukanywa kwa udongo.

"Dawa yake ni moja," fundi alisema. "Tunachimba kwa nje, mpaka chini kwenye msingi. Tunaupaka ukuta lami, tunauvisha nailoni nzito, tunaweka kokoto na bomba la kupeleka maji kwenye mtaro ulio ubavuni mwa ua. Na huyo anayefua asogee kidogo tu. Ua ni wa nani?"

"Na njia nyingine?"

"Nyingine ipo, lakini..."

"Niambie hiyo nyingine, fundi."

Fundi alimtazama, akakuna shingo. Alieleza kwamba anaweza kupiga lipu mpya kwa ndani, saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji. Ukuta utapendeza. Lakini maji yatakuwa bado yapo nyuma yake, yanasukuma, na maji hayana haraka. Yeye kama fundi hashauri.

"Piga hiyo," alisema Mama Magodoro.

Mama yake alikuwa kitandani akisikiliza. Alisema kwa sauti ndogo, "Si umwambie tu dada yako, mwanangu? Atasogeza mabeseni."

"Mama, hakuna haja. Fundi atamaliza."

Hapo ndipo angeweza kuokoa kila kitu kwa sentensi moja, na ngazi zenyewe hazikuwa nyingi. Mimi nimemfikiria sana mwanamke huyu na bado nashindwa kumwelewa, au labda namwelewa vizuri mno. Ndani ya moyo wake kulikuwa na kitu kibaya zaidi ya kiburi. Alikuwa anaona raha. Kila tone lililotoka ukutani lilikuwa ushahidi dhidi ya yule wa juu, na alitaka ushahidi uwe mwingi kwanza.

Lipu ilipigwa. Ikawa nzuri, laini, ya kijivu. Kwa muda chumba kilikauka, mama akalala bila kukohoa, na Mama Magodoro akashona kwa wimbo. Kisha siku moja alikuta kandambili za mama zimehama zenyewe. Maji yaliyonyimwa ukuta yalikuwa yamezunguka kwa chini, yakapata njia pale sakafu inapokutana na ukuta. Sasa hayakutoka jasho tena. Yalitembea.

Muuguzi wa zahanati alimpima mama mgongoni, akamwambia avute pumzi, akasikiliza muda mrefu. Halafu akampeleka Mama Magodoro ukumbini.

"Huyu bibi analala wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Nauliza chumba chenyewe. Kikavu?"

"Tunakirekebisha."

"Dada, mapafu yake hayawezi kusubiri marekebisho. Mtoeni humo. Hana jamaa mwingine?"

Alijibu kwamba hana. Neno lile lilimtoka jepesi, akashtuka mwenyewe. Njiani kurudi alimbeba mama begani karibu nusu ya safari, na mama alikuwa mwepesi kiasi cha kutisha.

Lakini hakupanda juu. Alimrudia fundi, akamwomba njia ya tatu. Fundi alichimba shimo kwenye pembe ya chumba, akaweka pampu ndogo ya umeme. Maji yote ya sakafuni yangekusanyika mle, pampu ingeyavuta na kuyatupa nje kwa mpira. Mpira ulitakiwa upite uani hadi kwenye mtaro, maana mbele, barabarani, hakukuwa na mtaro. Fundi alisema hivyo mara mbili. Mama Magodoro alisema sawa, atalishughulikia, na fundi alipoondoka akautoa mpira kwenye kidirisha cha nyuma, akauacha hapohapo chini ya dirisha, kwa sababu kuupitisha uani kulihitaji kuomba.

Pampu ikanguruma. Maji yakatoka kidirishani, yakamwagika kwenye udongo, yakazama, yakashuka na ukuta, yakaingia tena ndani, yakaingia shimoni, pampu ikayavuta. Mwanamke aliyejua kukadiria pamba ya godoro kwa kuitazama tu hakuliona hilo. Alijisifu jinsi pampu inavyofanya kazi bila kuchoka. Alitandika magodoro mawili juu ya kitanda cha mama, akaongeza la tatu, mama akawa yuko juu karibu na dari, anakohoa huku pampu inanguruma chini yake.

Dada aliuona mpira ule. Aliuona unatapika maji machafu kwenye ua wake, karibu na nguo safi za watu, na yeye akajua, au alidhani anajua, kwamba ni uchokozi. Akapiga moyo konde. Akasema hatampa mdogo wake furaha ya kugombana naye.

Asubuhi moja mama hakuweza kutolewa nje. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na alipojaribu kuongea pumzi ilikatika katikati ya neno. Mama Magodoro alisimama mbele ya kitanda akiwa na kopo la uji mkononi. Akaliweka chini. Akatoka, akazunguka nyumba, akapanda ngazi zile kwa mara ya kwanza tangu kikao cha ukoo.

Dada alifungua mlango akiwa na mikono yenye povu.

"Mama anaumwa," alisema Mama Magodoro. Hilo tu.

Dada hakuuliza, hakucheka. Alimpita mbio, akashuka, na safari hii kizingiti alikivuka. Alisimama katikati ya chumba, maji yakimlowesha nyayo, akatazama ukuta, magodoro matatu, shimo.

"Yesu wangu. Mnaishi humu?"

Walimbeba mama wote wawili mpaka juu, wakamlaza kwenye kitanda cha dada, karibu na dirisha lenye jua. Daktari aliitwa, akaja, akaacha dawa na akaacha uso usio na matumaini. Mama aliishi siku chache. Alikuwa amefurahi kuwaona wanawe katika chumba kimoja, hilo lilionekana hata kwa mgeni. Mara moja, dada alipotoka kuchemsha maji, mama alimshika Mama Magodoro kidole.

"Nilikuwa nasikia baridi sana kule," alisema. "Sikutaka kukwambia. Ungedhani nakukimbia."

Alifariki adhuhuri, bila vurugu, kama alivyokohoa.

Baada ya mazishi, wajomba walipokwisha kuondoka, dada ndiye aliyemwita fundi. Alisema mdogo wake hatakaa mle ndani na yeye afe vilevile, ukuta uchimbwe kama inavyotakiwa, na ua ukiharibika uharibike. Alizungumza kwa upole. Mama Magodoro alipita siku zile kama mtu anayetembea usingizini, akaitikia kila kitu. Walikuwa wanakula sahani moja tena. Usiku walilala chumba kimoja, na dada alimfunika shuka alipodhani amelala.

Fundi alivunja sakafu ya kufulia, akaanza kushuka na ukuta. Udongo ulitoka mweusi, umelowa, unateleza, na harufu ikapanda mara moja. Dada alikuwa amesimama ukingoni na birika la chai. Alinusa. Akakunja uso.

"Mbona kunanuka sabuni huku chini?"

"Si ndiyo hiyo, dada," alisema fundi, akijifuta jasho, hana hili wala lile. "Ni maji yako ya kufulia. Yote yalikuwa yanaingia kwa bibi. Nilimwambia mdogo wako toka siku ya kwanza."

Dada aliliweka birika juu ya rundo la udongo. Lilipinduka, chai ikamwagika, hakuliinua. Alitazama mabeseni yake yaliyopangwa ukutani, kisha mikono yake.

"Mimi ndiye niliyekuwa nammwagia mama?"

Fundi akajua amekosea mahali ingawa hakujua wapi.

"Kila siku," dada alisema. "Kila siku nilikuwa nakaa naye pale mlangoni, halafu napanda kuja kummwagia." Akageuka. "Ulijua?"

Mama Magodoro angeweza kusema uongo. Fundi mwenyewe angemsaidia, alikuwa tayari kusema huenda alikumbuka vibaya.

"Nilijua," alisema.

"Ungeniita tu, mdogo wangu. Ungesimama chini ya dirisha ukaita. Ningefulia barabarani."

Dada alikaa chini kwenye udongo uleule, na kilio alichokuwa hajakilia msibani kikamtoka. Mama Magodoro alimsogelea, akanyoosha mkono kumshika bega, na dada akalitoa bega lake. Hakulitoa kwa nguvu. Alilitoa tu, kama mtu anayekwepa kitu chenye maji.

Ndani ya shimo fundi aliuliza kama aendelee kuchimba, kisha akauliza tena.