Maziko Yaliyonipita Guangzhou

Nilipokuwa wakili, mteja akija ofisini nilimkalisha, nikamsikiliza, tukamaliza. Nilipochaguliwa kuwa mwakilishi wa jimbo letu kule Zanzibar, ndipo nilipojua kuwa kazi kubwa ya mwakilishi si kutunga sheria. Ni kuzika. Mtu akifa, hakuna anayeuliza ulichangia nini barazani. Wanaangalia kama bega lako lilikuwa chini ya jeneza.

Muhula wangu wa kwanza ulikuwa unakwisha, na kura za maoni, ambazo chama huteulia mgombea wake, zimekaribia, nilipopanda ndege kwenda Guangzhou kutafuta kanga na fulana za kampeni. Rafiki zangu wafanyabiashara waliopo huko walitaka niwaachie wao. Nikakataa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, niliwaambia, tena kwa kujigamba.

Basi nikawa nahangaika mtaa wa Guangyuan Xilu, duka hadi duka, nikipishana na wapagazi na marobota yao, simu mkononi, roho juu juu. Mwenye duka mmoja akanionyesha fulana ya mfano yenye sura yangu. Nimekuwa mweupe, kama niliyemwagiwa unga.

"Pengyou, rafiki, nzuri?"

"Huyu si mimi. Ongeza weusi."

Tulikuwa bado tunabishana mke wangu alipopiga simu. Bibi mmoja wa shehia yetu amefariki, na ameshazikwa. Huyo ndiye mteja wangu wa kwanza, niliyemtetea asinyang'anywe nyumba yake. Na nilipogombea, yeye ndiye aliyenizungusha mlango kwa mlango.

"Na mpinzani wako wa kura za maoni alikuwa mbele kabisa ya jeneza," mke wangu akasema.

"Yule hata hamjui bibi wa watu."

"Watu wamemwona."

Nilikasirika. Binti wa marehemu ni mjumbe anayepiga kura za maoni, na wenziwe humfuata yeye. Nikamwacha mwenye duka na fulana yake, nikatoka ngazini nimpigie kabla mwengine hajamuwahi. Hoja zangu nilishazipanga, kama za mahakamani.

Nikampa mkono wa pole. Akaupokea.

"Mama alikuwa akikuulizia," akasema. "Tukamwambia uko China, umetufuatia kanga. Akasema, kanga za nini, si aje mwenyewe."

Nilikuwa nimempigia kumwomba kura. Sikuweza kuiomba.