Watu wa Kinu

Jikoni kwetu Walthamstow, kwa Waingereza, kulinuka ukungu wa ukutani, mpaka Mama alipoanza kutwanga giligilani. Hapo Mombasa nzima ilirudi puani. Nilikuwa na miaka kumi, na tulikuwa Wahindi wageni wa majuma matatu. Nyumbani tulisema Kigujarati, lakini mambo ya jikoni na ya ugomvi tuliyaachia Kiswahili. Tulipanga katika safu ndefu ya nyumba zilizoshikana, milango yote sawa, ukuta mmoja kwa majirani wawili. Mwenye nyumba alikuwa amempa Baba sharti moja: jirani akilalamika mara moja tu, tunatoka. Baba, aliyependa kujua kila kitu, akatueleza pia kwamba nyumba hizo zilijengewa watu wa kinu. Yeye alimaanisha kiwanda cha kusaga unga kilichokuwa mwisho wa barabara. Mama akakumbuka kinu chake cha mti, alichokisafirisha ndani ya blanketi. "Basi tumefika kwetu," akasema, akakiegemeza ukutani.

Jumamosi moja mchana ukuta ukajibu: ngo, ngo, ngo!

"Karibu!" Mama akaitikia, mchi mkononi.

"Mama, hiyo si hodi. Amekasirika."

"Wewe nawe! Hata ukuta unauogopa?"

Kweli niliuogopa. Mimi ni mtu wa ndani tangu kuzaliwa. Ningeweza kuishi chini ya meza. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa jirani, bibi wa Kizungu mwenye ndara. Akaniambia, "Mwambie mama yako aache, ama naenda kwa mwenye nyumba."

"Anasemaje?" Mama akauliza.

Mimi, mkalimani wa nyumba, nikageuza maneno. "Anasema… mumewe mgonjwa."

"Masikini! Si angesema mapema!"

Tangu siku hiyo Mama alitwanga uani, ndani ya choo cha nje, amevaa koti, majira yote ya baridi. Kila alipokutana na jirani alishika kifua na kumuuliza kwa Kiswahili hali ya mgonjwa. Yule bibi, mjane wa miaka mingi, alimjibu kuhusu mvua. Mimi katikati nilitafsiri jasho likinitoka. Hatukufukuzwa.

Leo nina nyumba ya safu kama ile, hati ina jina langu. Lakini kijiko kikianguka, husimama nikausikiliza ukuta. "Mama, nyumba ni yetu," binti yangu hunicheka kwa Kiingereza. "Najua," humjibu, kisha humwomba afunge droo polepole.