Mwanga wa Uani kwa Bi Sitara

Tarsis alipofariki, alimwachia mkewe Blandina studio ya picha pale Kariakoo, Mtaa wa Swahili: kamera moja na taa mbili kubwa. Haukupita muda taa zikaungua. Blandina alizunguka maduka mpaka mjini akitafuta globu, kote jibu lilikuwa moja: "Hakuna, mama." Shemeji zake wakatuma neno kutoka Kibosho kwamba arudi nyumbani. Akaanza kufungasha.

Mwenye nyumba, Bi Sitara, mzaliwa wa Kariakoo hiyo hiyo, alimkuta ameinamia sanduku.

"Safari ya wapi, mwanangu?"

"Narudi kwetu, mama. Bila taa nitapiga picha gani?"

Bi Sitara alimshika mkono akampeleka uani. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa kwa ajili ya Idi, na jua la asubuhi lilipoupiga, mwanga wake ulitua upande wa pili laini kama maziwa.

"Na jua hili je, nalo limeadimika?"

Blandina akatundika shuka jeupe kwenye kamba ya kuanikia nguo, lipunguze ukali wa jua. Lakini wateja walizoea taa na mapazia. Nani angekubali kupigwa picha uani kama kuku? Akaona heri awaombe wapita njia, awapige bure, kisha picha zao aziweke dirishani watu wajionee.

Wa kwanza alikuwa Mwinyimvua, mchukuzi wa sokoni, mabega yamejaa unga.

"Kaka, samahani. Naomba nikupige picha."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Uso wako umenipendeza."

Wachukuzi wenzake wakapiga mbinja. Aliona haya, lakini alimfuata. Blandina akamkalisha kwenye kigoda.

"Usijilazimishe kucheka. Mfikirie mtu unayempenda."

"Sina mtu, dada."

"Basi mkumbuke uliyekuwa naye."

Hapo uso ukalegea. Blandina akabonyeza.

Picha ile ilisimamisha watu barabarani. Wateja wakarudi, wakaja hata akina mama waliokuwa hawataki kukaa mbele ya mpigapicha mwanamume.

Asubuhi moja bibi mmoja aliyekuwa akiuza mikeka alisimama pale dirishani mbele ya picha ya Mwinyimvua, akaganda. Blandina akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu mlimpiga lini, kabla hajafa?"

"Nani kafa? Huyu yupo sokoni. Leo hii tumesalimiana."

Bibi akakaa chini, mikeka ikamwagika. Jina lake Kijakazi, wa Rufiji. Mwanawe alikwenda Tanga kukata mkonge. Nyuma yake mto ukafurika, na walionusurika wakahamishiwa kijiji kipya huko juu. Kijana aliporudi alikuta nyumba haipo, akaambiwa mama kachukuliwa na maji. Mama naye, kwa kukosa habari, alikwisha kumsomea hitima.

Blandina alikimbia sokoni. Alimkuta Mwinyimvua ana gunia la maharage kichwani.

"Tua mzigo, kaka."

"Dada, mwenyewe ananisubiri."

"Mama yako yuko kwangu. Bi Kijakazi, wa Rufiji."

Gunia likaanguka lenyewe.

Alifika akihema, akasimama mbele ya mama yake. Bi Kijakazi akampapasa mashavu, polepole, kama anayetafuta joto.

"Mwinyi."

"Naam, mama."

Wakaangua kilio wote, na Bi Sitara naye mlangoni akajifuta kwa upindo wa kanga.

Bi Kijakazi alichagua mkeka mzuri kuliko yote akampa Blandina. Blandina akakataa.

"Si malipo, mwanangu. Ni shukrani, na shukrani hairudishwi."

Akaupokea kwa mikono miwili. Kisha akawapiga picha mama na mwana.

Shemeji zake aliwajibu kwamba harudi. Na Jumapili ile kanisani, yeye ambaye tangu afiwe alikuwa akipiga magoti na maombi tele, hakuomba kitu. Alishukuru tu, hadi padri akamaliza misa yeye bado ameinama.